Baiskeli ya Mzigo, Stendi ya Mzigo



Siku ya kununua baiskeli ya kikundi watu huangalia mambo mengi. Wataminya tairi, watapiga kengele, watajaribu breki, wataulizana kama keria ni ngumu. Lakini stendi? Stendi hakuna anayeiuliza. Fundi wa duka anafunga ile iliyo karibu naye, na kikundi kinaenda nyumbani kikifurahi. Halafu asubuhi moja baiskeli imepakiwa maziwa ya majirani kumi, mwenye kuiendesha anaingia ndani kuchukua daftari, na nyuma yake anasikia kishindo. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ni hivyo hivyo.

Hasara ya baiskeli kuanguka si moja. Kwanza ni mzigo wenyewe. Pili ni baiskeli: pedali imepinda, breki imevunjika, spoki zimelegea. Tatu ni uelewano wa kikundi. Nani atalipa? Mwenye kuendesha atasema stendi ni mbovu, mweka hazina atasema hakuna pesa, na wale majirani wanataka maziwa yao. Na iko hasara nyingine kubwa kuliko hizo zote. Watoto hupenda kucheza karibu na baiskeli. Baiskeli ile nzito, wengi wetu tunaiita Black Mamba, peke yake ni zaidi ya kilo 20. Ongeza mitungi miwili ya maji ya lita 20, na sasa ni zaidi ya kilo 60 zinazoweza kumwangukia mtoto.

Ni kweli tangu miaka ya 2000 pikipiki zimechukua kazi nyingi. Hata jina boda boda lilianza na baiskeli zilizobeba watu kwenye mpaka wetu na Uganda, kule Busia na Malaba, miaka ya 1960, na leo ukisema boda boda watu wanafikiria pikipiki. Lakini kwa maji, maziwa, mboga, makaa na mahindi ya kusaga, baiskeli bado inafanya kazi vijijini, kwa sababu haitaki petroli. Basi tuitunze. Katika makala hii tutaangalia jinsi ya kuchagua stendi, kuifunga, kuitumia na kuitunza. Neno la kushika ni moja: STENDI HUCHAGULIWA KWA KUANGALIA MZIGO, SI KWA KUANGALIA BAISKELI.

Kwa nini baiskeli inasimama au inaanguka?

Fikirieni mafiga. Sufuria haikai juu ya jiwe moja, wala mawili. Inataka matatu. Na hata kwa mawe matatu, ukiyaweka karibu karibu sana, sufuria kubwa ya ugali itapinduka ukianza kusonga. Ukiyatandaza vizuri, sufuria inatulia.

Baiskeli ni hivyo hivyo. Ikiwa imesimama kwa stendi, inashika ardhi mahali patatu. Uzito wote, wa baiskeli na wa mzigo, lazima uwe katikati ya hayo mafiga matatu. Uzito ukitoka nje ya mafiga, hakuna maombi wala kelele itakayoizuia kuanguka. Kwa hiyo mkitaka kujua stendi fulani ni nzuri au mbaya, ulizeni swali hili: Inatandaza mafiga yangu, au inayabana?

Aina za stendi

1. Stendi ya mguu mmoja. Hii hufungwa upande wa kushoto, ama nyuma ya pedali au karibu na gurudumu la nyuma. Mafiga yake ni gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma na ule mguu. Baiskeli inaegemea kushoto kama mtu aliyeegemea mkongojo. Ni nyepesi, ni bei nafuu, na ni rahisi kutumia. Inafaa kwa mtu anayeenda sokoni na kurudi na mfuko mmoja, mwalimu anayeenda shuleni, au kijana wa kutumwa barua. Lakini kwa mzigo haifai. Upande wa kulia haina mguu wowote, kwa hiyo mzigo ukivuta kulia, baiskeli inakwenda. Upande wa kushoto nao, uzito wote wa kuegemea unakalia kijiti kimoja, kinapinda au kinazama.

2. Stendi ya miguu miwili ya nyuma. Hii ndiyo ya baiskeli za kazi. Inafungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, mguu mmoja kila upande, na chini miguu imeunganishwa au imetanuka. Ukiisimamisha, gurudumu la nyuma linainuka kidogo kutoka ardhini. Mafiga yake ni gurudumu la mbele na ile miguu miwili. Tena ile miguu iko chini kabisa ya keria, mahali uzito ulipo. Baiskeli inasimama wima, haiegemei kushoto wala kulia. Faida nyingine: gurudumu likiwa juu, unaweza kuzungusha pedali kwa mkono na kutia mafuta cheni au kuangalia kama rimu imepinda.

3. Stendi ya miguu miwili ya katikati. Hii inafungwa chini ya fremu, nyuma kidogo ya pedali. Ni nzuri kuliko ya mguu mmoja, lakini miguu yake mara nyingi iko karibu karibu, na mzigo mzito wa nyuma unaweza kuinua gurudumu la mbele. Itumieni kwa mizigo ya wastani, au kwa baiskeli ambayo ekseli yake haikubali stendi ya nyuma.

4. Mti wa panda. Msiudharau. Wabebaji wengi wa magunia hutembea na mti wenye panda, wakisimama wanaegemeza baiskeli hapo. Haugharimu kitu. Lakini unataka mtu mwenye mazoea, na mbuzi mmoja akipita na kuugusa, mambo yameharibika. Uwe msaidizi wa stendi, si badala ya stendi.

Kwa kifupi: mzigo ukizidi kilo 20, yaani mtungi mmoja wa maji uliojaa, chukueni stendi ya miguu miwili ya nyuma.

Mambo sita ya kuangalia kabla ya kulipa

La kwanza: urefu. Hapa ndipo wengi hupotea. Gurudumu la inchi 28, lile la Black Mamba, lina kama sentimita 35 na nusu kutoka katikati ya ekseli mpaka ardhini. Stendi yake iwe na kama sentimita 37 hadi 38 kutoka tundu la ekseli mpaka chini, ili gurudumu liinuke kama sentimita 2. Baiskeli za gia zenye tairi pana huwa na gurudumu la inchi 26, na hapo ni kama sentimita 33 mpaka ardhini, kwa hiyo stendi yake ni kama sentimita 35. Ukifunga ya inchi 28 kwa baiskeli ya 26, gurudumu litainuka sana, na mama mwenye mzigo hataweza kuivuta ipande. Ukifunga ya inchi 26 kwa baiskeli ya 28, gurudumu halitoki ardhini na stendi haifanyi kazi. Msiende dukani mikono mitupu. Pimeni baiskeli yenu nyumbani kwa rula au utepe wa fundi cherehani, andikeni, halafu mwende.

La pili: upana wa miguu. Pimeni kutoka mguu mpaka mguu pale chini. Kadiri ilivyo pana ndivyo mafiga yanavyotanda. Sentimita 30 ni kitu cha chini kwa mzigo, 35 hadi 40 ni vizuri zaidi. Lakini ikikunjwa isiguse kisigino cha mwenye kuendesha wala mitungi inayoning'inia.

La tatu: unene na uchomeleaji. Shika miguu miwili uivute kwa nguvu, kama unayetaka kuipasua. Ikicheza au ikipinda mikononi mwako, je, itafanya nini chini ya gunia? Angalia mahali palipochomelewa. Pawe pamejaa pande zote, pasiwe na matundu wala pale fundi ameshika kwa nukta mbili tatu tu.

La nne: nyayo. Mguu uliochongoka huzama kwenye udongo mara mvua ikinyesha. Stendi nzuri ina nyayo bapa, au chuma kimoja kilichopita kutoka mguu hadi mguu.

La tano: mahali mguu unapozungukia. Hili ni la maana sana na wauzaji hawalisemi. Stendi nzuri ina bamba la chuma lenye tundu la ekseli. Bamba linabanwa na nati na halisogei kamwe. Mguu unazunguka kwenye pini yake nyingine, iliyo kwenye lile bamba. Stendi mbaya haina bamba, mguu wenyewe unazunguka juu ya ekseli. Sasa fikiri: ukikaza nati sawasawa, mguu haukunjiki. Ukilegeza nati ili mguu ukunjike, gurudumu linalegea. Na kila ukiinua na kushusha mguu unaisukuma nati ifunguke. Siku moja gurudumu litatoka mahali pake ukiwa kwenye mteremko. Stendi ya namna hiyo msiinunue hata ikiwa ni bei ya kutupa.

La sita: kizuizi na springi. Kizuizi ni kile kiulimi kinachozuia mguu usipite mbele zaidi baada ya kusimama. Kiwe kipana, kisiwe kijiti. Springi nayo iwe na nguvu ya kuinua mguu mpaka juu na kuushikilia hapo barabara ikiwa na mashimo.

Kutengenezewa na fundi wa jua kali

Si lazima mnunue dukani. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza stendi ngumu kuliko ya duka, bora mumpe maelezo kamili. Mwambieni: urefu ni sentimita kadhaa kama mlivyopima, upana chini sentimita 35, nondo ya milimita 12, nyayo bapa, bamba lenye tundu la kuingia ekseli yetu bila kucheza, na pini ya mguu iwe mbali na ekseli. Pelekeni baiskeli yenyewe, si maneno matupu. Na msilipe pesa yote kabla ya kuijaribu na mzigo. Vikundi viwili au vitatu vikiungana na kuagiza pamoja, bei huzungumzika.

Jinsi ya kuifunga

Kazi hii ni ya kama saa moja, na inaweza kufanywa na mwanakikundi yeyote, mwanamke au mwanamume. Mnahitaji spana mbili zinazokaa sawasawa kwenye nati za nyuma (nyingi ni namba 15, zingine 14), koleo, kitambaa, mafuta kidogo, msumari, na gunia la kutandika. Spana inayocheza kwenye nati msiitumie, itakula pembe za nati.

1. Pindueni baiskeli, ikae juu ya kiti na usukani. Tandikeni gunia, na mweke vipande vya mbao chini ya usukani ili mikono ya breki na kengele visibebe uzito.

2. Safisheni ekseli na nati. Kwa msumari, kwaruzeni alama kwenye fremu kuonyesha ekseli ilikuwa wapi. Alama hiyo itawarudishia gurudumu mahali pake bila kubahatisha.

3. Fungueni nati za pande zote mbili. Pangeni vitu chini kwa mfuatano vilivyotoka: nati, wasa, chuma cha keria, chuma cha madigadi. Msichanganye upande wa cheni na ule mwingine.

4. Ingizeni bamba la stendi liguse fremu kabisa, ndipo vifuate chuma cha madigadi, chuma cha keria, wasa, na mwisho nati. Kama bamba lina ulimi, ulimi ushike chuma cha fremu ili bamba lisizunguke.

5. Kabla ya kukaza, angalieni urefu wa ekseli. Nati ikiingia yote, meno mawili hivi ya ekseli yaonekane nje. Ekseli isipotosha, yaani nati imeshika nusu tu, simameni hapo. Msitoe wasa ili kupata nafasi. Nunueni ekseli ndefu zaidi. Nati iliyoshika meno machache inaweza kung'oka na mzigo.

6. Rudisheni gurudumu kwenye alama. Angalieni kutoka nyuma: tairi iwe katikati ya fremu, isiegemee upande. Bonyezeni cheni katikati kwa kidole: icheze juu na chini kama sentimita 1 hadi 1 na nusu. Zungusheni pedali polepole mzunguko mzima mkijaribu mahali mbalimbali, kwa maana cheni huwa na mahali pa kukaza na pa kulegea. Ikikaza kama uzi wa gita itakula meno. Ikilegea sana itatoka njiani.

7. Kazeni nati kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka mwisho. Kazeni kiasi gani? Kipimo cha kijijini ni hiki: kwa spana yenye urefu wa sentimita 20, mkono wako uvute kwa uzito kama wa mtungi wa maji wenye lita 15 hadi 20. Si kwa vidole viwili, na si kwa kuikanyaga spana kwa mguu. Kukanyaga hukata meno ya nati.

8. Fungeni springi kwa koleo, mkigeuza uso pembeni. Springi ikiponyoka inaweza kuumiza jicho.

9. Tieni tone la mafuta kwenye pini ya mguu. Msitie kwenye rimu, maana breki zitateleza.

10. Simamisheni baiskeli, zungusheni gurudumu. Lisiguse madigadi, stendi wala breki. Inueni na kushusha mguu mara kumi, halafu jaribuni nati tena.

Baiskeli za gia zinataka uangalifu. Nyingine zina gurudumu la kufunguliwa kwa mkono bila spana. Ekseli yake ina tundu katikati. Msifunge stendi ya mzigo hapo. Tafuteni ya katikati inayobana fremu, wekeni kipande cha tyubu kuukuu katikati ya bamba na fremu ili rangi isikwaruzwe, na mkaze bila kuponda bomba. Angalieni pia kwamba hamjabana waya wa gia wala wa breki.

Na wenye stendi ya mguu mmoja? Urefu wake ni sawa kama baiskeli inaegemea kiasi cha shibiri moja ukipima pale kwenye kiti. Ikisimama wima sana, upepo utaiangusha kulia. Ikilala sana, mguu ni mfupi. Ikiwa ni mrefu, ukateni kidogo kidogo kwa msumeno. Chuma kikishakatwa hakirudi.

Kupakia bila kuangusha

Stendi nzuri ikitumiwa vibaya bado itaangusha. Mambo ni haya:

- Chagueni mahali tambarare na pagumu. Kwenye matope wekeni jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya nyayo.

- Mahali pakiwa na mteremko, usukani uangalie juu mlimani. Stendi ya nyuma huachia baiskeli ikisukumwa mbele. Ukielekeza usukani bondeni, mzigo wenyewe utaisukuma na itatoka kwenye stendi. Ukielekeza mlimani, uzito unarudi nyuma na kukalia kizuizi. Ni hivyo hivyo hata kwa mguu mmoja.

- Pakieni watu wawili. Mmoja ashike usukani, mwingine apakie. Mtungi mmoja tu uliojaa, ukining'inia upande mmoja, unaweza kuipindua baiskeli tupu hata kwa stendi pana, kwa sababu mtungi uko nje ya mafiga. Anayeshika usukani asiachilie mpaka mtungi wa pili uwe upande wa pili.

- Pande zote mbili ziwe na uzito sawa. Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu. Gunia la simenti ni kilo 50, na gunia la mahindi ni kilo 90. Vitu kama hivyo hulazwa katikati ya keria na kufungwa kwa kamba za mpira, si kuning'inizwa.

- Mtoto asikae juu ya keria baiskeli ikiwa kwenye stendi. Na mtu mzima asiikalie na kupiga pedali kwa mchezo.

- Mkitoka, mmoja ashike usukani na mwingine keria, msukume mbele polepole. Kabla ya kupanda, angalieni nyuma: mguu umekunjika? Mguu ulioachwa chini hukwama ardhini kwenye kona na kumtupa mwendeshaji. Afanye mazoea ya kuugusa kwa kiatu kila safari.

Kuitunza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya safari ya kwanza na mzigo, kazeni nati tena, kwa maana chuma kipya hukaa mahali pake na nati hulegea. Baada ya wiki moja, tena. Kisha mara moja kwa wiki mtu mmoja aangalie mambo matano: nati za ekseli, springi, pini ya mguu, mahali palipochomelewa, na fremu pale bamba linaposhika. Ukiona mstari mwembamba wa kutu kwenye uchomeleaji, huo ni ufa unaanza. Baiskeli isibebe mzigo mpaka fundi aurudie. Mkimpelekea fundi stendi kuchomelewa, ifungueni kwanza kwenye baiskeli. Moto wa kuchomelea ukiwa karibu na gurudumu unaharibu grisi ya ndani na tairi.

Mpango wa kikundi

Haya yote yatakuwa kazi bure kama ni jambo la kila mtu, maana jambo la kila mtu huwa si la mtu. Kwa hiyo katika mkutano ujao kubalianeni juu ya mambo matatu na myaandike katika daftari ya kumbukumbu.

Moja, ni nani anayekagua baiskeli kila wiki? Mpeni jina la kazi hiyo, na mbadilishane kila miezi mitatu ili wengi wajifunze.

Mbili, spana za kikundi zinakaa kwa nani? Spana mbili za kikundi zitatosha baiskeli zote za wanachama.

Tatu, mzigo ukianguka, nani analipa? Hili mlikate kabla halijatokea, wakati bado mnacheka pamoja. Vikundi vingine huonelea kwamba mwendeshaji alipe kama aliacha baiskeli kwenye mteremko au alipakia peke yake, na kikundi kilipe kama kifaa ndicho kilichovunjika. Ninyi mtaamua yenu.

Mkiona bei ya stendi nzuri ni kubwa, fanyeni hesabu hii pamoja. Chukueni bei ya lita moja ya maziwa hapo kwenu. Zidisheni kwa lita ambazo baiskeli inabeba asubuhi moja. Linganisheni hiyo na bei ya stendi. Halafu mtajua wenyewe ni kipi ghali.

Maswali ya kujadiliana

1. Kikundi chenu kina baiskeli ngapi, na ni ngapi zina stendi ya kufaa mzigo zinaobeba?

2. Je, mguu wa stendi yenu unazunguka kwenye pini yake au juu ya ekseli? Nendeni nje mkaangalie sasa hivi.

3. Mahali mnapopakia maziwa au maji pako tambarare? Mnaweza kupasawazisha kwa jembe na mawe kwa siku moja?

4. Ni fundi gani wa karibu ambaye mngemwamini kuwatengenezea, na mtampa maelezo gani?